Nisomee Nini Ili Nisimame na Aliyetendewa Uhalifu?

Barua tatu za mwezi huu, moja kutoka Kahama, nyingine kutoka Malindi na ya tatu kutoka Chicago, zinauliza jambo moja: mtu anayetaka kazi ya kuwasaidia waliotendewa uhalifu, tangu siku wanapofika kituo cha polisi mpaka siku ya hukumu na baada yake, anatakiwa awe na sifa zipi na afundishwe nini. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi nikiwa afisa ustawi wa jamii, na jibu la barua ya kwanza limekuwa refu kwa sababu mwandishi wake bado hajachagua njia.

SWALI: Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 20, nimemaliza kidato cha nne na nimefaulu masomo matano. Mwaka jana nilimsindikiza binti wa jirani yetu aliyebakwa, nikaenda naye polisi, hospitali na mahakamani, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Wengine wananishauri nikasomee sheria, wengine wananiambia niingie polisi. Mimi sitaki kukamata mtu wala kusimama mbele ya hakimu kubishana. Nataka kuwa yule anayekaa na aliyeumizwa. Je, kazi hiyo ipo hapa Tanzania, na nisomee nini? – Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umetumia neno kusindikiza, nami sijapata neno linaloieleza kazi hii vizuri kuliko hilo. Anayemsindikiza mgeni hamchagulii njia wala hamtangulii kwa haraka zake mwenyewe. Hutembea naye, humwonyesha penye shimo, na hujua mahali pa kuagana.

Kazi ipo, lakini usitegemee kuikuta katika tangazo la ajira ikiwa na jina la mtetezi wa waathirika wa uhalifu. Hapa kwetu imegawanyika katika mikono kadhaa. Sehemu kubwa iko kwa maafisa ustawi wa jamii walioko katika halmashauri, hospitali na vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata daktari, polisi, ustawi na ushauri nasaha mahali pamoja bila kuzungushwa mji mzima. Sehemu nyingine iko kwa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, madawati yaliyoanza kuwekwa katika vituo vya polisi mwaka 2008. Sehemu ya tatu iko kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wao wanaishi kijijini na mtaani na hufikiwa kabla ya polisi.

Kwa maelezo yako, njia inayokufaa ni ya ustawi wa jamii. Ukiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, unaweza kuomba ngazi ya cheti, ukaendelea na stashahada, kisha shahada, hata kama hukupita kidato cha sita. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ndiyo kongwe katika fani hii, na vipo vyuo vingine vinavyoifundisha. Kabla hujalipa ada, hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, kwa sababu nimeona vijana wakirudi nyumbani na cheti ambacho hakuna mwajiri anayekipokea. Serikalini utaajiriwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: mwenye shahada huanza akiwa Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II, na wa ngazi za chini huanza katika kada ya wasaidizi. Mashirika yasiyo ya kiserikali huajiri pia, mara nyingi kwa mikataba inayofuata muda wa mradi, kwa hiyo soma mkataba wako mpaka ukurasa wa mwisho.

Kuhusu polisi, nakueleza waziwazi kwamba askari wa Dawati ni askari kwanza. Atapitia mafunzo ya uaskari, atapangwa anapohitajika, na anaweza kuhamishwa Dawati akapelekwa usalama barabarani. Wapo maaskari wa Dawati ninaowaheshimu sana, ambao wameikoa kesi kwa uangalifu wao wa saa ya kwanza, lakini wewe umesema hutaki kukamata mtu, na huwezi kuwa askari asiyekamata.

Njia ya msaidizi wa kisheria unaweza kuianza hata kabla ya chuo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi watu hawa, na si lazima wawe wanasheria. Wanapata mafunzo kwa mtaala uliokubaliwa na wanafanya kazi chini ya shirika lililosajiliwa. Msaidizi wa kisheria huelimisha, huelekeza na huandamana na mtu, lakini hana ruhusa ya kumwakilisha mahakamani. Wengi hujitolea, kwa hiyo usiihesabu kuwa mshahara. Ihesabu kuwa mahali pa kujipima, uone kama moyo wako unaweza kusikia habari hizi leo, kesho na keshokutwa bila kugeuka jiwe.

Sasa niseme yale ambayo cheti hakiyaonyeshi, kwa sababu nimewafundisha vijana wengi waliotoka vyuoni na alama nzuri, wakakwama siku ya kwanza.

Jambo la kwanza ni saa. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kinga ya Virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kinga hiyo. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina ukomo wake, saa 120. Kwa hiyo mtu anapofika kwako Jumatatu asubuhi akisema jambo lilitokea Ijumaa usiku, huna muda wa kuanza kujaza daftari lenye kurasa nne. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, ni ya lazima kwa kesi, nawe unapaswa kujua inatolewa wapi, inajazwa na nani na inarudi kwa nani, lakini matibabu hayapaswi kusubiri karatasi. Unapaswa pia kujua namna ya kumweleza mama, kwa utulivu na bila kumlaumu, kwamba asimwogeshe mtoto kabla daktari hajamwona, na kwamba nguo zile zisifuliwe bali ziwekwe katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu uliofungiwa huharibu ushahidi. Mama wengi wanakuja wameshamwogesha mtoto na kumvalisha gauni la sikukuu. Hapo usigune. Amefanya kile ambacho mama yeyote angefanya.

Jambo la pili ni maneno, na hapa nitakaa kidogo. Watoto wetu, na hata watu wazima, hawalitaji tendo lenyewe kwa jina. Watakuambia, «alinifanyia tabia mbaya,» au «alinifanyia matusi,» au mtoto atasema «dudu» na kunyamaza. Msaidizi asiyefundishwa hufanya haraka, akaandika «alibakwa» na kuendelea. Afadhali aandike neno lile lile lililotoka kinywani, kwa sababu Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali zaidi ya mara moja kwamba shahidi anaweza kutumia lugha ya staha kutokana na umri, mila na malezi yake, na bado akaeleweka. Neno la mtoto ni ushahidi wake, na ukilibadilisha umeliondoa kwake ukaliweka la kwako. Vilevile usimuulize jambo lile lile mara tatu ili kupata maelezo zaidi. Atadhani jibu la kwanza halikukupendeza, atabadilisha, na siku ya kesi wakili wa upande wa pili atazisoma kauli zote mbili kwa sauti.

Hapo ndipo ulipo mpaka usiotakiwa kuvukwa: msaidizi hamfundishi shahidi cha kusema. Anaruhusiwa kumweleza mtoto kwamba hakimu atakaa pale, kwamba kesi za makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha, kwamba ataulizwa maswali na kwamba «sijui» ni jibu halali. Tangu Sheria ya Ushahidi iliporekebishwa mwaka 2016, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe katika kumbukumbu za mahakama. Zipo kesi zilizoanguka katika rufaa kwa sababu tu ahadi ile haikuandikwa. Kuiandika si kazi yako. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba mtoto haisikii kwa mara ya kwanza katika chumba kilichojaa watu asiowajua.

Jambo la tatu ni ahadi zako mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpokea mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe. Alikuwa ameukunja ule mkono kwenye ncha ya kanga, na wakati wote alikuwa akiuliza swali moja tu, kama mumewe angerudi nyumbani usiku. Nilimwambia, «Huyo atalala ndani mpaka kesi iishe.» Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo, na kosa lile lilikuwa na dhamana. Siku ya pili alikutana naye bombani. Hakuwahi kurudi ofisini kwangu, na kesi ikafa kwa kukosa mlalamikaji. Ningekuwa nimemwambia ukweli, kwamba anaweza kupewa dhamana, tungepanga kabla ya jioni alale wapi, nani akachukue watoto shuleni, na nani apigiwe simu. Tangu hapo kila kijana ninayemfundisha hujifunza sentensi hii kabla ya nyingine zote: «Sijui kama atatoka, lakini tupange kana kwamba atatoka.»

Utakutana pia na shinikizo la kumalizana kifamilia. Wazee watakuja na mbuzi, na fedha ndani ya bahasha, nao watakuambia kwamba unavunja ukoo. Usuluhishi una mahali pake katika madai ya mipaka ya shamba na mirathi, lakini kosa la kubaka mtoto ni jinai, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta. Kwa mtu mzima hali ni ngumu zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye uamuzi kuhusu maisha yake, na kumlazimisha aendelee na kesi asiyoitaka ni kumnyang'anya tena kile alichonyang'anywa. Mweleze haki zake zote, likiwemo suala la fidia ambayo mahakama inaweza kuamuru alipwe na mkosaji, kisha umwachie nafasi ya kufikiri.

Ukienda kwenye usaili wa kazi, uliza nani atakuwa msimamizi wako na mtakutana mara ngapi kuzungumzia kesi zinazokulemea. Ofisi isiyo na jibu la swali hilo itakuchosha ndani ya miaka miwili.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kilifi, sina digrii. Akina mama hunijia mimi kwanza wanapopigwa au binti zao wanapodhulumiwa. Nasikia Kenya ina sheria ya waathiriwa. Je, sheria hiyo inanipa nafasi gani, na ni mafunzo gani nikipata yatanisaidia bila kuacha kazi yangu? – Msomaji, Malindi

JIBU: Dada yangu, sheria ipo na ni nzuri kuliko wengi wanavyojua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50(9), ililiagiza Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na ustawi wa waathiriwa, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ikapitishwa mwaka 2014. Inampa mwathiriwa haki ya kuhudhuria kesi, kupewa taarifa, na kusikilizwa pale maslahi yake yanapoguswa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ilithibitisha kwamba mwathiriwa, yeye mwenyewe au kupitia wakili, anaweza kushiriki katika kesi bila kugeuka kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Hii maana yake ni kwamba mama unayemsindikiza si mtazamaji tu pale kortini, na unaweza kumwambia hivyo kwa uhakika.

Nafasi yako wewe ni ile ya mlango wa kwanza, na digrii si sharti lake. Jifunze kutofautisha fomu ya P3, ambayo ni ya polisi, na fomu ya PRC, inayojazwa hospitalini kwa aliyebakwa. Nyingi ya kesi zinazoyumba huyumba kwa sababu moja kati ya hizo ilikosekana au ilijazwa nusu. Jifunze huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo hufundishwa kwa siku chache, na jinsi ya kutoa rufaa kwa simu ya 1195 kwa dhuluma za kijinsia au 116 kwa watoto. Usijiite mshauri nasaha, kwa kuwa taaluma hiyo ina sheria yake ya mwaka 2014 na anayeifanya anatakiwa kusajiliwa. Ukitaka kupanda ngazi, diploma ya kazi ya jamii au ya ushauri nasaha inaweza kusomwa jioni na wikendi, na miaka uliyoitumia kijijini itakuwa na uzito mbele ya mwajiri.

Naomba pia uwe na daftari ambalo halikai mezani. Malindi ni mji ambao watu wanajuana, na jina la binti likisikika mara moja sokoni halirudi tena.

SWALI: Jambo mama. Nilizaliwa Bukavu, sasa naishi Chicago, na kwa miaka sita nimekuwa mkalimani wa Kiswahili hospitalini na mahakamani. Nataka kuwa mtetezi wa waathirika kama kazi kamili, maana watu wetu wakipatwa na uhalifu hapa hawajui waende wapi. Je, ukalimani wangu unatosha, au lazima nirudi chuo kikuu? – Msomaji, Chicago

JIBU: Ndugu yangu, huko uliko kazi hii ina jina lake na historia yake. Vituo vya kwanza vya kuwasaidia waliobakwa na waliotendewa uhalifu vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nguvu za wanawake waliojitolea, shirika la kitaifa la kuwasaidia waathirika, NOVA, likaundwa mwaka 1975, na mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya shirikisho inayojulikana kama VOCA, iliyoanzisha mfuko unaojazwa hasa na faini za wakosaji wala si kodi za wananchi. Mishahara ya watetezi wengi hutoka katika mfuko huo.

Si lazima uanze na chuo kikuu, lakini inategemea mlango unaoubisha. Watetezi wa huko ni wa aina mbili, na tofauti yao ni kubwa kuliko jina linavyoonyesha. Wapo walioajiriwa na polisi au ofisi ya mwendesha mashtaka. Hawa mara nyingi hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza ya kazi ya jamii, saikolojia au taaluma ya jinai, pamoja na kuchunguzwa historia yao. Wapo pia wa mashirika ya jamii, kama makazi ya wanawake waliopigwa na vituo vya manusura wa ubakaji, ambako uzoefu na lugha huweza kuhesabiwa badala ya shahada. Katika jimbo lako la Illinois, mshauri wa manusura wa ubakaji, au wa ukatili wa nyumbani, anatakiwa awe amepata angalau saa 40 za mafunzo, na saa hizo ndizo zinazofanya mazungumzo yake na manusura yalindwe na sheria.

Hapo ndipo ilipo tofauti niliyoitaja. Anachoambiwa mtetezi wa kituo cha jamii aliyepata mafunzo hayo kinalindwa, kwa kawaida, mpaka manusura mwenyewe aruhusu. Anachoambiwa mtetezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka kinaweza kulazimika kupelekwa kwa upande wa utetezi kikiwa kinaweza kumsaidia mshtakiwa, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1963 katika kesi ya Brady. Mtetezi mwaminifu humweleza mtu jambo hili kabla mtu hajaanza kusimulia. Mama aliyetoka kambi ya wakimbizi, anayeamini kwamba kila mwenye kitambulisho shingoni ni serikali, na kwamba kila anayezungumza Kiswahili ni ndugu, ana haki ya kujua anaongea na nani.

Ukalimani wako ni mtaji mkubwa, lakini utalazimika kuacha baadhi ya mazoea yake. Mkalimani husema kila kilichosemwa, haongezi wala hapunguzi, na hana upande. Mtetezi ana upande: yuko na aliyeumizwa. Usikubali kufanya kazi zote mbili katika kikao kimoja, hata ofisi ikikubembeleza kwamba mkalimani amechelewa na wewe upo, kwa sababu siku hiyo yule mama hatakuwa na mkalimani wala mtetezi. Jihadhari pia na maswali ya uhamiaji. Ipo viza ya U, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2000 kwa waliotendewa makosa fulani wakasaidia vyombo vya sheria, nayo hutolewa kwa waombaji wakuu 10,000 tu kwa mwaka. Unaweza kumwambia mtu kwamba viza hiyo ipo na kumpeleka kwa anayeijua, lakini kumshauri kama aombe ni kazi ya mwanasheria au mwakilishi aliyeidhinishwa rasmi.

Anza hivi: ofisi ya shirikisho inayoshughulikia waathirika wa uhalifu, OVC, ina mafunzo ya msingi kwa intaneti ambayo hayalipiwi. Yamalize, kisha ukiulize kituo cha manusura kilicho karibu nawe darasa lao la saa 40 linaanza lini, ujitolee zamu ya simu angalau mara moja kwa wiki ukiwa bado na ukalimani wako. Saa hizo za mafunzo na za kazi ziandike tarehe kwa tarehe, zikiwa na saini ya msimamizi, kwa sababu upo mpango wa kitaifa wa kuwathibitisha watetezi, unaoitwa NACP, na siku utakapouomba utaulizwa uthibitisho wa kila saa.